Mlenda Uliokuwa Uitwe kwa Jina Langu

Profesa alikuwa bingwa wa ukoo wa bamia. Ukoo huo una watu wa maana kuliko ukoo wetu: pamba yumo, choya wa juisi nyekundu yumo, mbuyu yumo, na milenda ya porini ambayo mama zetu walituvusha nayo kiangazi. Kila alipopata mmea ambao haumo vitabuni, aliubatiza. Wa kwanza aliupa jina la mwalimu wake. Uliofuata ulipata jina la mkuu wa idara, mwaka uleule Profesa alipopandishwa cheo. Mwingine ulikwenda kwa mfadhili aliyenunua gari. Mkewe alipewa kijimti kinachowasha. Sikuuliza kwa nini.

Mimi nilikuwa mtu wake wa Itigi. Nilimwongoza vichakani, nikabeba vibao vya kubania majani na magazeti ya kuyakaushia. Katika safari yake ya mwisho kabla ya kustaafu tulikuta mlenda mmoja wenye ua la rangi ya kutu. Aliutazama kwa lenzi mpaka nikashikwa na njaa.

“Huu haumo,” alisema. “Mzee mwenzangu, huu nitaupa jina lako.”

Jina langu, na mkia wa Kilatini! Mimi niliyefeli baiolojia kidato cha nne! Profesa alikwenda Singida Mjini kuaga maofisa, akaniachia majani na maua yote tuliyochuma, yamebanwa kwenye vibao, na agizo moja: kila asubuhi nibadilishe magazeti. Nikawa nashinda kwenye kibanda cha chai karibu na stesheni, nikiwaambia watu kwamba nitakuwa vitabuni wakati wao watakuwa udongoni. Kubadilisha magazeti nikaona ni kazi ya watu wadogo. Nikayatoa majani yote kwenye vibao, nikayaanika kwenye ungo wa mke wangu yakauke upesi, nikarudi kibandani.

Siku hiyo mama mkwe alikuja kutusalimu kutoka Ikungi. Akakuta mlenda umekaukia kwenye ungo. Kwetu kitu cha namna hiyo hakiulizwi. Akautwanga, akaupika kwa magadi, akaunga karanga.

Nilirudi na njaa. Nilikula sebuleni peke yangu, yeye akiwa jikoni, kama heshima ya mkwe inavyotaka. Nikasifu kwa sauti ili asikie.

“Mama, leo mlenda umepata mpishi!”

“Mpishi gani, baba? Si huu uliouanika mwenyewe? Hata maua yake nimetwanga humohumo.”

Tonge lilitaka kunikwama, lakini mlenda haukwami, ulishuka wote. Na mama mkwe hagombezwi. Nikasema, “Asante, mama.” Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemhubiria siku zote hizo kwamba hajui thamani ya majani, alitoka nje kucheka.

Profesa aliporudi nilimwambia ukweli.

“Ulikuwa unavutika?”

“Sana, Profesa.”

“Na maua?”

“Yalitwangwa.”

“Basi, mzee, umejila.”

Tulirudi kutafuta mwingine. Pale kichakani palikuwa pamefyekwa na kuchomwa, panangoja alizeti. Tulizunguka vichaka vilivyobaki mpaka magoti ya wazee wawili yakagoma. Profesa akastaafu, na mmea ule haumo katika kitabu chochote. Ningekunjua magazeti tu, nikakunja mengine. Sikuhitaji hata baiolojia.

Kibandani hawaniulizi tena habari za Kilatini. “Shikamoo, Mzee Mlenda,” wananiamkia, na adabu yao haina kasoro. Naitikia marahaba, nifanyeje?

Juzi mama mkwe alipiga simu. Amezeeka sana, chakula hakimpandi, ila kuna kitu kimoja anakitamani.

“Baba, ule mlenda wako uliuchuma upande gani? Nitumie kidogo.”

“Umekwisha, mama.”

“Umekwisha?” Akacheka mpaka akakohoa. “Tangu lini mlenda ukaisha? Sema tu umekuwa mchoyo.”