Chumvi Ambayo Bado ni Bahari

Niliondoka nyumbani Tegeta kwa sababu wifi yangu alikataa kuuza bahari.

Ndivyo alivyoniambia kwenye simu, na kwa kuwa Mwanahamisi si mtu wa kucheza na maneno, nilikaa chini nikamsikiliza. Ana majaruba ya chumvi aliyoachiwa na marehemu mama yake, ng'ambo ya mto Wami, njia ya kwenda Saadani. Masika yaliyopita bahari ilipasua tuta kubwa linaloyakinga, na sasa bamvua kubwa, siku za maji kujaa kupita kiasi, lilikuwa linakaribia. Tuta lisipozibwa kabla ya bamvua hilo, maji yangeingia na tope lake na kuyafukia majaruba yote. Vibarua walikuwapo, mawe yalikuwapo, fedha ndiyo haikuwapo. Akatokea mfanyabiashara wa Bujumbura, Bwana Nasoro, kupitia kwa wakala wake wa Dar es Salaam. Alitaka kununua chumvi ya msimu mzima kabla haijavunwa, na kutanguliza nusu ya bei. Mtu mwingine angeruka kwa furaha, lakini wifi alisema hapana.

"Chumvi yenyewe bado ni bahari," aliniambia. "Nitamuuziaje mtu maji, wifi? Mvua ikinyesha nimpe nini, mawingu? Njoo wewe uliyesomea mambo haya."

Mambo hayo ndiyo ninayofundisha, biashara ya kimataifa, katika chuo kimoja kidogo cha jioni. Kila muhula huwaeleza wanafunzi kwamba duniani watu huuziana kahawa ikiwa ingali ua, na mafuta yakiwa bado chini ya ardhi. Nilifunga mkoba wangu nikiamini kwamba wifi nitamgeuza kabla ya chakula cha mchana.

Asubuhi, barabara ya Bagamoyo. Ni vizuri msomaji ajue mapema kwamba mimi nikikaa kwenye gari linalotembea nasinzia, hata likiwa na kelele namna gani. Bunju niliiona. Mapinga niliisikia tu, mtu akitangaza mahindi ya kuchoma dirishani. Kerege ilipita nikiwa ndotoni, na huko ndotoni nilikuwa ninawafundisha wanafunzi ambao wote walikuwa wamelowa maji, daftari zao zikidondoka matone, wala hakuna aliyeona ajabu.

Dunda niliamshwa. Nikachukua bodaboda hadi pale Athumani alipokuwa anapakia magunia matupu kwenye lori lake. Athumani ndiye anayebeba chumvi ya wifi yangu miaka yote, mtu mzima mwenye sauti kubwa na kofia ya kushona kwa mkono isiyotoka kichwani.

"Mwalimu, karibu. Nimesikia unakwenda kumbadilisha Mwanahamisi mawazo."

"Ndiyo."

"Mungu akupe nguvu," alisema, akanifungulia mlango huku anacheka.

Baada ya Makurunge nyumba zilipungua na vumbi likaongezeka. Nilifumba macho kwenye michongoma, nikafumbua kwenye daraja la Wami, maji chini yakiwa ya rangi ya chai ya maziwa. Nilifumba tena. Nilipofumbua mara ya mwisho nilidhani bado naota, maana mbingu ilikuwa imelala chini.

Adhuhuri, majarubani. Jaruba ni kipande cha ardhi kilichosawazishwa na kuzungushiwa tuta dogo. Hufunguliwa maji ya bahari, hufungwa, kisha huachiwa jua lifanye kazi yake. Hapo yalikuwa mengi yakifuatana mpaka kwenye mikoko, kila moja na maji membamba yaliyobeba wingu lake. Mengine yalianza kuweka ukungu mweupe pembeni. Hakukuwa na sauti yoyote ila upepo. Mtu mmoja alikuwa anatembea kwa mbali na reki ya mbao begani, na kwa joto lile miguu yake haikuonekana. Alielea tu, kiuno na kwenda juu, akaja hivyo hivyo mpaka akawa wifi yangu.

"Kaka yangu anakulisha nini? Umenenepa mpaka lori limeinama!"

"Lori limeinamia upande wako, wewe uliyekonda kwa ubishi."

Tulikumbatiana. Kisha tuliulizana hali ya nyumbani, ya watoto, ya wagonjwa na ya majirani, mpaka salamu zikaisha zenyewe. Alinipakulia wali wa nazi na samaki wa kukaanga. Samaki hakuwa na chumvi hata kidogo. Nilipomwambia, alijishika kichwa.

"Nimesahau, wifi. Naiona kutwa nzima, nikiingia jikoni sitaki hata kuikumbuka."

Alasiri tulikwenda kutazama tuta. Bahari ilikuwa imekupwa mbali, tulivu kabisa, wala usingedhani ndiyo iliyofanya kazi ile. Palikuwa na pengo ambalo lori lingepita, na ndani yake tope jeusi lenye nyayo za kaa. Mwanahamisi alisimama pale, mikono kiunoni.

"Naogopa, wifi," alisema. "Mama alilijenga hili na mimi tumboni. Likifa mikononi mwangu nitamwambia nini?"

Hapo ndipo nilipotoa maneno yangu ya chuoni. Nilimweleza kwamba biashara ya mbali yote ni swali moja: mzigo ukipotea, hasara ni ya nani, na kuanzia wapi. Mambo hayo yakiandikwa vizuri kwenye mkataba, hata kitu ambacho hakijakuwapo kinauzika.

"Chuoni kwenu," alisema.

"Ndiyo."

"Chuoni kwetu tulifundishwa samaki aliye majini hauzwi."

Chuo chake yeye ni cha Kaole, alikosomea Kurani akiwa mtoto, na mimi nilisomea cha namna hiyo hiyo Pangani. Kwa hiyo sikubabaika. Nikamkumbusha kwamba chuoni huko huko tulifundishwa pia bei salamu: mnunuzi akitoa bei yote leo, muuzaji anaweza kubeba deni la kumletea bidhaa baadaye, hata kama leo hana. Alifikiri, akakubali kwamba nina haki. Nikampigia wakala palepale, nimetanua kifua. Wakala alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu kwamba tajiri wake hawezi kulipa bei yote kwa chumvi ambayo hata Mungu bado hajaikausha. Nusu, au basi.

Tulirudi nyumbani. Nilikuwa na hasira na wakala, na bamvua, na wifi pia, na nilipojilaza barazani niliota naandika neno "nusu" ubaoni kwa chumvi na likawa linayeyuka kabla sijalimaliza.

Kesho yake asubuhi Bwana Nasoro alipiga mwenyewe, kwa video. Uso mpana, ndevu nyeupe, feni ikizunguka nyuma yake huko Bujumbura. Kiswahili chake kilikuwa cha polepole. Alitaka angalau ayaone majaruba, maana alisema ametuma watu wengi kununua vitu asivyoviona na amechoka. Mtandao pale hushika ukiwa juu ya tuta, basi nilipanda nikaanza kutembea na simu mkononi nikimwonyesha. Huku maji, huku mikoko, hili ndilo pengo, hii ni bahari.

"Inang'aa," alisema. "Macho yanauma, lakini endelea."

Nikaendelea hadi bandani. Kwenye kona ya banda upepo ulikuwa umefunua makuti.

"Rudi nyuma, mwalimu. Hicho nini?"

"Usimwonyeshe uchafu huo!" Mwanahamisi alininong'oneza kwa ukali, akaja mbio kufunika.

"Mwache aniambie. Hicho nini, mama?"

Ilibidi aseme. Ilikuwa chumvi ya misimu iliyoingiliwa na tope, ya kijivu, punje zake kubwa kama kokoto. Lundo lilifika karibu na dari. Haifai kuliwa, haina madini joto ya chumvi ya mezani, na wageni wakija huifunika kwa aibu, maana itaonekana kwamba hajui kazi. Alikuwa akifikiri kuirudisha baharini.

Bwana Nasoro alicheka mpaka feni ikatoka kwenye picha.

"Mimi nafanya ngozi, mama. Nakusanya ngozi za ng'ombe, natia chumvi, nauza nje. Ng'ombe wangu wamekufa, hawachagui chumvi! Nataka ya punje kubwa. Wakala hakuwaambia?"

Wifi aliniangalia. Nikamwangalia. Wakala nilikuwa nimemuuliza habari za bei, sarafu, ushuru wa mpakani na mahali pa kukabidhiana mzigo. Kumuuliza mtu chumvi anataka ya kufanyia nini, hilo halikunijia. Wifi pia halikumjia. Tulianza kucheka kwa pamoja, kicheko cha kushikana mabega, na mimi nilikuwa karibu kulia.

Walipatana bei bila mimi. Bwana Nasoro aliomba punje zipasuliwe mbele ya simu aone ndani, zikapasuliwa. Walikubaliana kwamba atanunua lundo lote, atalipa leo, na mzigo utakuwa wake pale utakapopanda lori la Athumani, si kabla. Mwanahamisi akatandaza mkeka kando ya lundo, akajifunga mtandio vizuri, akaketi kama mtu aliye mbele ya kadhi.

"Bwana Nasoro, nimekuuzia chumvi yote unayoiona bandani humu, kwa bei tuliyokubaliana."

Picha ikaganda. Bwana Nasoro alibaki na mdomo wazi, kisha hata mdomo ukatoweka.

"Amesema?" wifi aliuliza.

"Hajasema."

"Amekubali huyo," Athumani alisema kutoka mlangoni. "Tupakie."

"Hajatamka, Athumani. Usiguse," wifi alimkemea.

Nilitembea juu ya tuta nimeinua simu juu, nikaenda nayo mpaka pengoni, nikarudi. Upepo ulikuwa umetulia. Majaruba yote yalikuwa yamebeba mawingu, na mawingu hayo yalikuwa yanageuka rangi. Sijui nilizunguka muda gani. Nakumbuka nikijiuliza, kama mtu aliye nusu usingizini, chumvi ile wakati ule ilikuwa ya nani, na ni vitu vingapi duniani vimekaa hivyo, vimetolewa na mmoja na havijapokelewa na mwingine. Tone moja likaniangukia mkononi.

"Wifi, mvua!"

"Hajatamka, wala haijapanda lori, basi bado ni yangu. Leteni makuti!"

Tulifunika sote watatu, mbiombio, kwa makuti na magunia na mwishowe kanga yangu. Manyunyu yalipita juu yetu, yakaenda zao kuelekea mikokoni. Simu ikalia.

"Mama, nimesema nimenunua, nimesema tena na tena," Bwana Nasoro alilalamika. "Mpaka mke wangu amekuja kuniuliza nimenunua nini!"

"Sikusikia hata moja," Mwanahamisi alisema. "Tuanze upya." Akarudi mkekani akiwa amelowa, akajifunga tena mtandio, akatamka neno kwa neno kama alivyotamka mwanzo. Safari hii mtandao ulishika.

"Nimenunua," alisema Bwana Nasoro.

Ujumbe wa fedha uliingia kabla ya sala ya adhuhuri, na alasiri vibarua walikuwa ndani ya tope hadi kiunoni wakishusha mawe. Mwanahamisi hakukaa hata kidogo. Nilimuuliza kama sasa atamuuzia Bwana Nasoro na ya msimu mzima.

"Ikizaliwa nitampigia," alisema.

Asubuhi ya kurudi, lori lilikuwa limejaa chumvi ya kijivu mpaka juu. Wifi aliniwekea mfuko wa chumvi nyeupe, akaniambia nimpikie kaka yake vizuri, si kama yeye alivyonipikia. Kabla ya daraja la Wami mvua ilitukuta tena, ya kweli safari hii. Nilishtuka nikataka kupiga kelele, kisha nikakumbuka kwamba hiyo sasa ni mvua ya Bwana Nasoro, naye yuko kwake anakunywa chai hana habari. Athumani alisimama, akashuka, akavuta turubai na kulifunga kila upande, akarudi analalamika kiuno.

Nikasinzia, na nilivyosinzia niliifuata chumvi ile. Niliiona ikipanda treni, ikivuka ziwa, ikilala ndani ya ngozi gizani wiki nyingi, kisha melini, kisha kiwandani, mpaka mtu fulani katika mji wenye theluji akainama kufunga kamba za kiatu. Alikuwa na haraka. Nilitaka kumwambia mguu wake umekanyaga wapi, lakini lori likaruka shimo, nikaamka Makurunge.

Siku hizi darasani, kabla ya kufika kwenye sarafu na ushuru na mikataba, nawafundisha wanafunzi kumuuliza mnunuzi anataka kitu cha kufanyia nini. Wengine hunitazama kwa huruma, wakidhani mwalimu amechoka. Nawaambia pia kwamba yupo mwanamke ambaye hauzi kisichokuwapo, na kwamba sikumgeuza, na nashukuru sikumgeuza, kwa sababu angechukua nusu ile angekuwa sasa anadaiwa chumvi nyeupe na mtu asiyeihitaji.

Siku ya bamvua, nikiwa nyumbani Tegeta, nilishindwa kula. Alasiri, maji yalipokuwa juu kabisa, simu ililia.

"Wifi," alisema Mwanahamisi, "nimesimama katikati ya majaruba. Sikiliza." Akainyoosha simu mbali naye.

Nilitega sikio. Nilisubiri nisikie maji yakipita, watu wakipiga kelele, chochote.

"Sisikii kitu," nilisema. "Wifi? Sisikii kitu!"

"Hicho ndicho nilichokupigia usikie."