Uenyekiti Nilioukataa Leo

Leo asubuhi nimetangaziwa ushindi wa uenyekiti wa tawi la chama chetu. Nimeukataa.

Tulikuwa wagombea wawili tu: mimi, muuza magauni ya mitumba pale Mchikichini, na kaka Hamisi, anayeuza viatu sokoni hapohapo. Kwenye kampeni alinisema vibaya jamani! Eti mwanamke wa maneno mengi.

Wajumbe tumeshakaa, simu ikaingia. Mke wa Hamisi amefariki alfajiri, maziko ni leo adhuhuri, Magomeni.

Msimamizi wa uchaguzi akakohoa. "Mgombea asiyefika amejitoa. Mama Zuhura, umepita bila kupingwa."

Watu wangu wakapiga vigelegele. Vigelegele, kwenye habari ya msiba!

Nikasimama.

"Mtu ana maiti ya mkewe ndani, nyie mnasema amejitoa? Sikubali. Tuahirishe, twende tukazike."

Tulibishana sana, mwisho msimamizi akaahirisha. Wafuasi wangu wamenuna mpaka sasa. Mmoja kaniambia siasa siziwezi. Labda kweli. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Baada ya maziko Hamisi alinifuata nyumbani kwake tulipokaa wanawake, macho mekundu.

"Dada, nimesikia ulichofanya. Ahsante. Ila tukirudi ukumbini sikuachii."

"Mlilie kwanza mkeo, kaka yangu. Kiti kipo."

Alikuwa hajalia tangu alfajiri, dada yake ndiye aliyeniambia.

Akakaa pale mlangoni, akalia.