Fungu la Mlembe

Harufu ya nta inayoyeyuka hunirudisha nyumbani kuliko kitu kingine chochote. Mama aliichemsha nyuma ya nyumba kwenye sufuria kuukuu, akaichuja kwa gunia, na moshi wake mtamu ulituganda kwenye nywele hata Jumapili kanisani. Ilikuwa miaka ya sabini, tumehamishiwa kijiji kipya upande wa mashariki wa Mpanda, nyumba zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara. Kabla ya hapo tuliishi porini, kaya yetu peke yake, jirani wa karibu mwendo wa asubuhi nzima. Watu wazima walinung'unika kuhamishwa. Mimi nilifurahi, na sitajifanya leo kwamba sikufurahi. Kijijini kulikuwa na bomba, zahanati, shule ya bati, na wasichana wa umri wangu wa kuruka nao kamba. Sikuelewa mtu mwenye akili zake angetamani nini kule kwenye mbung'o.

Baba yangu alikuwa Mkonongo, mrina asali. Masika yakiisha na nyasi zikianza kukauka, alichukua shoka, mwenge na kilindo chake cha gome la mti cha kutilia asali, akaingia msituni kwa siku nyingi. Hakuzunguka ovyo. Alipiga mluzi, akasubiri, na mlembe akamjibu. Mlembe ni ndege mdogo wa rangi ya vumbi, hana uzuri wowote, ila anajua kila mti wenye nyuki. Huruka mbele ya mtu akipiga kelele kama kiberiti kinachotikiswa, hutua, hungoja, huruka tena, mpaka mnafika. Ndege hana shoka wala moto, kwa hiyo mtu ndiye anayepasua mti na kutoa asali. Kabla ya kuondoka, mrina humwachia mwenzake fungu lake, kipande cha sega juu ya jani safi, maana mlembe hula hata nta yenyewe. Fungu hilo haliguswi. Watoto tuliambiwa kwamba ukimdhulumu, safari ijayo atakupeleka kwa simba na kukuacha hapo.

Nikafika darasa la tano. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuja na kitabu kimoja, akawa anatusomea darasa zima. Kilikuwa hadithi ya miaka ijayo, juu ya watoto waliopelekwa kwa chombo cha angani kwenda kuishi kwenye nyota ya mbali, ndani ya mji uliofunikwa kwa kioo. Mashine ziliwapikia, ziliwaogesha, ziliwatibu kabla hawajaugua. Hakuna aliyelima wala kuteka maji. Msichana mmoja, Zena, akaanza kujiuliza nje ya kioo kuna nini. Alitafuta mlango siku nyingi, akiamini una kufuli kubwa. Alipoupata akausukuma kwa kidole, ukafunguka. Haukuwa umefungwa tangu siku ya kwanza. Hadithi iliishia hapo, kwa sababu kurasa za mwisho zilikuwa zimechanwa. Tulipiga kelele mpaka walimu wengine wakachungulia dirishani, na Mwalimu akasema kila mmoja amalizie mwenyewe kwenye daftari lake.

Niliandika kwamba Zena aliona giza na vumbi, akaurudisha mlango, akaenda kula. Nilikuwa upande wa kioo kabisa. Mwalimu alinipa alama nzuri, lakini chini yake akaandika kwa wino mwekundu: "Na wewe ungerudi?" Swali lile liliniudhi. Niliona ni la mtu ambaye hajawahi kuamka alfajiri kwenda kisimani.

Nilichotaka mimi ni Baba akae nyumbani. Kila alipoondoka nilihesabu siku, na kila mbwa alipobweka nilikimbilia barabarani. Ndipo nikapata wazo nililoliona la akili sana. Kama mlembe angekuwa wetu, ndani ya nyumba yetu, Baba asingehitaji kuhangaika wiki nzima akipiga mluzi. Angembeba kwenye tundu asubuhi, aonyeshwe mti mmoja, jioni arudi tule pamoja. Jumamosi moja mimi na Mama tulimpelekea unga kambini kwake. Alikuwa ametoka kupasua mti. Alipokwisha kuweka fungu la ndege juu ya jani na kuingia ndani zaidi ya msitu, nilibaki nyuma, nikapaka ulimbo kwenye kijiti kando ya lile sega. Haikupita muda mrefu, ndege akanasa. Mama aliponiona nimeshika ndege mkononi alisimama njiani.

"We mtoto! Baba yako atasema nini?"

"Atafurahi," nikasema, na niliamini hivyo.

Nilimsafisha mbawa kwa mafuta ya karanga, nikamjengea tundu la matete, nikampa jina la Zena. Siku ya kwanza alijigonga kwenye matete mpaka nikalia. Siku ya nne alikuwa amenizoea, akisogea mlangoni akisikia hatua zangu. Nta ya Mama ilikuwepo tele, maji yalikuwepo, paka alifukuzwa. Alinenepa. Kitu kimoja tu, hakutoa sauti yoyote.

Baba alirudi baada ya wiki mbili, amekonda, kilindo chepesi. Akamwambia Mama kwamba bonde zima limekuwa kimya, amepiga mluzi mpaka midomo ikapasuka. Mimi nikaenda kuleta tundu, natabasamu.

Baba alichungulia ndani ya tundu. "Umemkamatia wapi?"

"Kwenye fungu lake. Sasa hutasumbuka tena, Baba. Utambeba tu."

Hakunipiga. Alikaa chini kwenye vumbi, mtu mzima yule, shoka bado liko begani. "Mwanangu, mimi namwita, na yeye anakuja akitaka. Huyu nitamwita atoke wapi?" Kisha akasema, "Umemfunga wewe. Mimi simfungui."

Nikafungua. Zena alitazama mlango, akageuka, akaendelea kudonoa nta. Nilitikisa tundu, nikamsihi, nikamsukuma kwa kijiti. Alitoka, akatua kwenye paa, jioni akarudi ndani mwenyewe. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Nilikumbuka nilichoandika kwenye daftari: nilikuwa nimepatia. Siku ya tatu Baba aliniambia, "Mwondolee chakula." Kuondoa ile nta, ndege akinitazama, ni jambo gumu kuliko yote niliyoyafanya utotoni. Alirudi mara mbili akakuta hakuna kitu. Mara ya tatu aliruka kuelekea msituni, na hatukumwona tena. Msimu ule wote Baba alikwenda bondeni na kupiga mluzi, asijibiwe, na hakunikumbusha hata mara moja kwamba ni mimi.

Leo naishi Kawajense, Mpanda mjini, nyumba ina nondo madirishani, bomba ndani na friji inayonguruma. Baba alipozeeka nilimleta kukaa nami, nikiwa na furaha ileile ya kitoto kwamba sasa hataondoka. Nilimpa chumba chenye neti, dawa zake kwa saa, wali na samaki wa ziwani kutoka Karema. Miezi ya kwanza alizunguka uani akiuliza barabara ya kwenda porini. Baadaye akaacha kuuliza. Mchana mmoja wa kiangazi, nyasi zimekauka vilevile kama zamani, nilimkuta amekaa akitazama geti.

"Limefungwa?" akauliza.

"Halijafungwa, Baba. Halifungwi mchana."

Akalitazama tena kidogo, kisha akaniuliza kama chakula kimeiva.

Nilisimama pale na sahani mkononi. Nilijua cha kufanya, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwa yule ndege, na sikukifanya. Nilimwekea chakula mbele yake, nikamnawisha mikono, akala. Alifariki mwaka uliofuata katika mashuka safi, na watu walinisifu msibani kwamba nilimtunza vizuri baba yangu.