Fundi Faustina Hatupi Kisu Kilichomeguka

Saa tatu asubuhi, ukungu ungali umelalia mlima wa Iringa mjini, na huku chini Ipogolo mashine ya milingi, inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, inanguruma. Faustina Kalinga amesimama mbele yake, mkono kwenye usukani, sikio limeelekea chuma. Ghafla mngurumo unageuka mlio mkali, kama jino linalosaga kokoto. Kabla hajaulizwa kuna nini, amekwisha kubonyeza swichi nyekundu.

"Kimemeguka," anasema, bila kupandisha sauti.

Ni kisu cha kabaidi, kigumu kuliko chuma kinachochongwa, lakini kikigonga vibaya huvunjika kama kigae. Kimoja humeza mapato yake ya siku mbili nzuri. Cha ukubwa huu hana kingine, na kipya hutoka Dar es Salaam.

Iliyofungwa mezani ikichongwa upya ni shafti, mhimili unaozungusha mashine ya kufulia ya hospitali moja ndogo ya misheni. Mfereji mwembamba unaoishikilia puli, gurudumu la mkanda, umelika, hivyo puli inazunguka bure na ngoma ya nguo imesimama. Eveline Mgaya, mkuu wa dobi, ameileta mwenyewe pamoja na puli yake, zikiwa zimeviringishwa kwenye shuka kuukuu. Yeye na wenzake wanafua mashuka ya wodi ya wazazi kwa mikono, kwenye maji baridi ya Julai. Vidole vyake vimepasuka.

"Sasa dada, ndiyo imeshindikana?" anauliza.

"Mama, kilichovunjika ni kisu. Shafti yako ni nzima. Kaa hapo unywe chai."

Philbert, fundi mwenzake Faustina, anakitazama kisu. Jino moja limetoka, la pili lipo. "Tumalizie na hilo moja, polepole," anashauri. "Mama katoka mbali."

Faustina anatikisa kichwa. "Litachana mfereji, halafu nalo litakatika. Hapo ndipo mama atakuwa ametoka mbali bure."

Anamulika mfereji kwa tochi ya simu. Kipande kilichomeguka kimejichomeka pembeni, kidogo kuliko punje ya ulezi. Anakidokoa kwa ncha ya chuma mpaka kinatoka. Kisha anachukua tupa na kuisugua mahali kisu kilipogomea. Kwingine tupa inauma; hapo inateleza kama juu ya kioo.

"Mama, hii shafti iliwahi kuchomelewa?"

Eveline anaweka kikombe chini. "Iliwahi. Mwaka juzi iliingia ufa, wakaipeleka kwa wachomeleaji wa barabarani. Nilidhani hilo si la kusema."

"Ni la kusema, na umesema kwa wakati."

Moto ule wa kuchomelea uliugeuza mfupa wa shafti kuwa mgumu mahali pamoja. Faustina anapasaga kwa kijiwe cha mkono, kidogo kidogo, mpaka tupa inaanza kuuma. Ndipo anarudi kwenye kisu.

Anavaa miwani na barakoa, anawasha mashine ya kunolea yenye jiwe la kijani. "Vumbi lake likiingia kifuani halitoki," anasema. Anauondoa mwisho wote uliovunjika, kisha anachonga meno mawili mapya. Kisu kikipata moto anakiacha kipoe chenyewe. Kukichovya majini ni kukipasua. Mara mbili anakiinua kwenye mwanga wa dirisha na kukirudisha jiweni, kwa kuwa jino moja limezidi lenzake kwa unywele.

Kazi hii aliijulia Mbeya. Mzaliwa huyu wa Idodi, mwenye miaka arobaini na mmoja, alitoka chuo cha ufundi akapokelewa na Mzee Eliezeri katika karakana moja ya Iyunga. "Mzee alikuwa hanipi kisu kipya mpaka nimnolee cha zamani," anakumbuka huku akicheka. "Nilimnunia sana. Lakini mikono hii imesomesha wadogo zangu wote."

Anakifunga kisu, anapunguza mwendo, anawasha. Eveline amesahau chai. Amesogea hadi anaambiwa arudi nyuma. Kisu kinafika pale pagumu. Mlio unapanda kidogo. Philbert ananyoosha mkono kuelekea swichi.

"Acha," Faustina anasema. "Kinakula."

Kinakula kweli. Chembe za chuma zinaruka, nyembamba na za bluu, na mfereji unatoka umenyooka. Puli inavishwa, inabana, haitikisiki. Eveline anaijaribu kwa mikono yote miwili, kisha anamkumbatia fundi na grisi yake.

Kesho yake Eveline anapiga simu, anasalimia kwa Kihehe. "Kamwene, dada! Sikia!" Halafu anaisogeza simu kwenye mashine; kinachosikika ni ngoma ikizunguka na wanawake wakipiga vigelegele.

Sasa Faustina anakodi chumba cha pili, mlango wa jirani, cha kunolea visu. Karakana nyingi za Mafinga na Makambako, anasema, hutupa visu vilivyomeguka kwa kukosa mtu wa kuvinoa. Tusajigwe, aliyefanya naye kazi Iyunga, ameanza kumkusanyia vya Mbeya na kumtumia kwa basi. Faustina anataka mashine maalumu ya kunolea, na tayari amempata muuzaji.

"Mwakani, fundi wa Mbeya akivunja kisu hatahangaika kupiga simu Dar," anasema, akiumwaga mezani mfuko wa visu uliofika asubuhi hiyo na kuanza kuchagua. "Atapiga hapa."