Nusu Lita Hadi Ubungo

Pikipiki ya baba ilikuwa na sauti mbaya. Sisemi hivyo kwa kuidharau, ndivyo ilivyokuwa. Bomba lake la moshi lilitoboka zamani, baba akaliziba kwa kipande cha bati na waya, na tangu hapo ikawa inakohoa mara mbili, inanyamaza kidogo, halafu inakohoa tena. Ukiwa ndani ya nyumba yetu ya Temeke uliisikia tangu inakata kona ya msikiti, na mama alipata muda wa kutosha kubandika chai.

Ilikuwa ile aina ya pikipiki kubwa za Kijapani za kuendeshea kwa starehe: kiti kimekaa chini, tangi nene, usukani mpana ulioinuka, na miguu unaitanguliza mbele kama umekaa kibarazani kwako. Mji huu umezoea pikipiki nyembamba za bodaboda, kwa hiyo hii ikisimama kwenye foleni watu walikuwa wanageuza shingo. Baba aliinunua ikiwa imetumika, enzi hizo anaendesha winchi bandarini. Presha ya macho ilipoanza kumla, ufunguo akanikabidhi mimi, binti yake, na siyo kaka zangu wawili. Kaka zangu walinuna. Baba alisema wao wangeiuza kabla ya Idi.

"Wewe ndiye hutaiuza," aliniambia, na maneno hayo niliyavaa kama nishani.

Nafundisha fizikia sekondari, na naishi Tegeta. Kutoka Tegeta hadi Temeke ni kuuvuka mji mzima, na lile dude lilikuwa linakunywa petroli utadhani limefunga mwezi mzima. Kwa mshahara wa mwalimu niliweza safari moja kwa wiki, Jumamosi. Macho ya baba yalipozimika kabisa, Jumamosi ikawa mbali. Mama alinieleza kwenye simu kwamba kila baada ya alasiri baba anakaa barazani na kutega sikio. Kila bodaboda ikipita anainua kichwa, halafu anakishusha. Nilikosa raha. Nikaamua kuitengeneza pikipiki ile kidogo ili niende mara tatu kwa wiki.

Kipimo cha mafuta nilikuwa nacho, alinifundisha baba mwenyewe. Unachukua chupa ya maji ya nusu lita, unaijaza petroli, unaifunga kwenye usukani na kuivutia mpira moja kwa moja hadi kwenye kabureta, tangi umelifunga. Unaendesha mpaka izime. Pale ilipozimika ndipo jibu lilipo. Ya baba, ukianzia mlangoni kwetu, ilizimikia Buguruni, kabla ya mataa. Nilipokuwa mdogo alinipakia nyuma tukaenda kuzimikia Buguruni, tukanunua miwa, akamimina mafuta ya akiba tukarudi. Safari moja pikipiki ilituangukia pale pale tukiwa tumesimama, tangi likabonyea upande wa kushoto, shimo la kutosha kiganja. Hakulinyoosha. Kila akikaa kwenye kiti, mkono wake wa kushoto ulikuwa unapumzika mle.

Likizo ya Juni nikaipeleka kwa fundi wangu wa Tegeta, mtu mzima mpole anayeongea na injini kuliko anavyoongea na wateja. Aliizunguka mara mbili. "Mwalimu, hili lichuma linabeba mizigo isiyo na kazi," akasema. Kweli tupu. Tukatoa kioo kikubwa cha mbele kilichokuwa kinagombana na upepo, tukatoa vyuma vya kukinga miguu na masanduku ya pembeni. Usukani mpana tukaubadilisha kwa mfupi, ili niiname na upepo unipite juu. Ile gia ndogo ya mbele inayovuta cheni tukaiongeza jino moja, injini isihangaike nikiwa kwenye mwendo. Kabureta ilikuwa inavuja, ikafunguliwa na kuoshwa. Bomba la moshi tukafunga jingine, jembamba, zima.

Hayo yote yalikuwa ya mafuta. Tangi lilikuwa la kiburi changu. Nilimwambia fundi alinyooshe lile shimo, kisha aipake pikipiki nzima rangi nyeusi isiyong'aa, badala ya ile rangi ya damu ya mzee iliyokuwa imepauka. Hakuna mtu aliyenilazimisha. Vyuma vya zamani vilikaa siku mbili kwenye kona ya gereji, siku ya tatu akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mkokoteni. Fundi akaniuliza kwa macho. Nikatikisa kichwa kukubali, hata sikusimama.

Matokeo yake yalikuwa mazuri, siwezi kudanganya. Iliwaka kwa upole, haikohoi, haitingishiki. Niliipenda siku ile kuliko nilivyowahi kuipenda.

Nikaenda Temeke siku ya Jumanne bila kutoa taarifa, nikitaka kuwashtukiza. Baba alikuwa barazani na msuli wake, uso ameuelekeza barabarani. Nilisimama hatua tatu mbele yake na kuzima injini. Hakuinua hata kichwa. Kwake ilikuwa imepita pikipiki ya mtu.

Nilipomwamkia ndipo aliposhtuka. Aliitikia, akauliza nimekuja na usafiri gani siku ya kazi. Nikamwambia nimekuja na pikipiki yake, nimeitengeneza, sasa atanichoka. Akacheka na kutaka aishike. Nikamsogezea mpaka kwenye ngazi.

Mikono yake ilianza kwenye usukani na kuukosa. Ikatafuta kioo, ikashika hewa. Ikashuka kwenye tangi, na kiganja cha kushoto kikateleza juu ya bati laini, kikarudi, kikateleza tena. Mara ya tatu alikwenda polepole sana. Kisha akajifuta mkono kwenye msuli.

"Hii ya nani?" akauliza.

Nikamweleza kama ninavyoeleza darasani, uzito, upepo, mwendo wa injini, hatua kwa hatua, na kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo uso wake ulivyozidi kufunga. Mama akala kiapo kwamba ni ile ile. Baba akamjibu kwamba mama lazima amtetee mwanawe. Nikaleta kadi ya pikipiki, nikamsomea namba ya injini, mama naye akainama akaisoma kwenye chuma chenyewe.

"Namba mnaisoma nyie," akasema. Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepandisha.

Hasira zilinipanda. Mimi nikisemwa muongo huwa siwezi kunyamaza, na ubishi huo nimeurithi kwake. Nikasema basi tuipime kwa kipimo chako. Hapo uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu nifike. Akaagiza chupa. Akaipitisha kidole shingoni kuhakikisha imejaa, akaifunga mwenyewe kwenye usukani kwa mpira wa tyubu, fundo lile lile la watu wa bandarini, macho hana na mikono haikukosea hata mara moja. Akaniambia ikizima nimpigie simu nimtajie mahali.

Nikaondoka. Buguruni nikaipita na mataa yake, nikacheka peke yangu ndani ya helmeti. Nikapita Tabata. Nikapita External, chupa imebaki tone, naye mnyama anatembea tu. Ilizima nilipokuwa nakaribia Ubungo. Nikaisukuma pembeni kwenye vumbi la malori, nikapiga simu. Nilikuwa na ushahidi, na ushahidi ndiyo kazi yangu.

"Baba, imefika Ubungo," nikamwambia.

"Yangu haijawahi kupita Buguruni," akasema. Kisha akampa mama simu.

Nimeshakaa na sentensi ile miaka miwili sasa. Nilikuwa na kipimo, nilikuwa na jibu sahihi, na jibu lenyewe ndilo lililonihukumu. Ningesema Buguruni, baba. Kabla ya mataa, palepale pa siku zote. Uongo wa neno moja ungemrudishia pikipiki yake, na mimi ningerudi kuwa yule asiyeuza. Haikunijia akilini hata kidogo. Nilitaka sifa.

Nilikwenda mara tatu kwa wiki kama nilivyopanga. Alinipokea vizuri, vizuri mno, kama mtu anavyompokea mgeni wa mbali: karibu, kaa, mama mletee chai. Pikipiki hakuitaja tena. Nilimrudia fundi, tukazunguka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kulitafuta lile bomba la zamani. Wakatucheka. Vyuma vile vilishakwenda kuyeyushwa kuwa nondo. Fundi kwa kunionea huruma alilitoboa bomba jipya na kulifunga bati na waya. Likatoa mlio wa kuku aliyekabwa. Nikafika nalo nyumbani, baba akasikiliza, akasema kwa upole kwamba na hiyo nayo imeshaharibika, niipeleke kwa fundi.

Masika yaliyofuata kifua kilimlaza. Alasiri moja alimwomba mama atupishe. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, akanitafuta mkono mpaka akaupata.

"Ulikuwa na shida gani, mwanangu?"

Nikauliza shida ipi.

"Ya kukufanya uuze. Ungeniambia tu. Ningekwambia uza."

Hoja zote zilikuwepo mdomoni: kadi, namba ya injini, fundi aliye hai Tegeta anayeweza kuja kutoa ushahidi. Pikipiki yenyewe ilikuwa imesimama nje ya dirisha, hatua tano kutoka kichwani pake. Nikamtazama yule mtu aliyenibeba nyuma kwenda kula miwa Buguruni, amekonda, anapumua kwa shida, na bado anachonitafutia ni sababu ya kunisamehe.

"Nilikuwa na shida, baba," nikasema. "Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku nyingi," akasema, akanipigapiga mkono, akalala.

Tulimzika Ijumaa, baada ya swala. Wiki ile nilikwenda Temeke na kurudi Tegeta mara nne, na petroli ikabaki.