Roho ya Kumezea

Siku ile mkwe wangu alilia kwa sababu mimi nilikuwa na mafua. Nikiisoma sentensi hii naona haieleweki, basi nianze upya. Mimi si mwandishi, nimeishia darasa la saba, na kila nikianza jambo huanzia katikati.

Mwanangu alioa Bara, Morogoro, alikokuwa akifanya kazi. Mkewe ni mfamasia. Kasomea dawa chuo kikuu na alikuwa katika hospitali moja ya huko. Mwanangu alipopata kazi ya bandarini Wesha, wakaja Pemba wote na kitoto chao cha kike, wakakaa kwangu hapa Mtambile. Nilifurahi mpaka nikaona haya, maana nilijua furaha yangu imeondoka katika nyumba ya mama mwingine.

Lakini leseni yake ilikuwa ya Bara. Huku Visiwani mambo ya afya yana ofisi zake na sheria zake, na mfamasia wa Bara hawezi kushuka melini kesho akasimama dukani mjini Chake akatoa dawa. Sharti ahamishe usajili. Ilitakiwa barua ya Bara ya kusema hana doa, na vyeti vyake, na maswali ya sheria ya huku, halafu mtu wa ofisi aje amwangalie akiwa kazini. Jirani yangu, mwanamke wa kijiji cha Wambaa aliyeolewa hapa kwetu zamani, jambo hili halikumwingia kabisa.

"Vidonge vyenyewe vyatoka hukohuko Bara," akasema. "Vyapita bandarini havijaulizwa kitu. Mwenye kuvijua ndiye azuiliwe?"

"Hata vidonge vina usajili wao, mama," mkwe wangu akamjibu.

"Kumbe kila kitu kina karatasi ila miye."

Niseme haki, ofisi ya huku haikumsumbua. Barua iliyochelewa ilichelewa Bara, na hata huko sijui sababu, pengine mwenye kuiandika alikuwa na msiba. Ila siku zilikuwa zinakwenda. Hospitali ya Morogoro ilimwekea nafasi yake mpaka Idi Kubwa ipite. Leseni ya huku ikiwa haijatoka, atarudi na mtoto, na mwanangu alishaniambia kwamba hatakaa mbali na mke wake. Sikumlaumu, baba yake naye alikuwa hivyo. Lakini mimi ningebaki na kuku na jirani, na kuku ndio wenye kunisikiliza.

Sasa narudi kwenye mafua.

Walikuwa hawajakaa sana. Niliamka asubuhi siwezi kumeza hata mate. Mkwe wangu akaniletea chai, akaniuliza nimeamkaje. Nikamwambia, "Sijambo mwanangu, ila roho yaniuma." Akaiweka chai, akatoka bila kusema neno. Adhuhuri nikamkuta jikoni macho mekundu. Nikadhani ni vitunguu. Alasiri mwanangu akaniita kando ya nyumba, kanuna.

"Mama, mke wangu kakukosea nini?"

"Kanikosea nani?"

"Si umemwambia roho yakuuma?"

"Yaniuma ndiyo, tangu jana. Hata mate hayapiti."

Mwanangu akaniangalia, kisha akakaa chini palepale kwenye mchanga akicheka. Kumbe jana yake mkwe wangu alipika pweza kwa tungule tupu, wao huziita nyanya, bila nazi, kama wapikavyo samaki kwao, nami nikala tonge chache kwa sababu hazipiti. Asubuhi nikamwambia roho yaniuma. Akajumlisha mwenyewe.

"Kwao roho ikiuma ni huzuni, mama. Hii yetu ya kumezea wao huiita koo."

Koo nalijua, hata sisi twalisema. Lakini mtu akiwa na maumivu hatafuti neno la kitabuni. Nikaenda jikoni nikamfumbulia mdomo, nikamwambia aangalie mwenyewe hiyo roho inayouma. Akamulika kwa simu, akasema imevimba kweli, huku machozi hayajamkauka. Akanitengenezea maji ya chumvi nisukutue. Na pweza yule, nakiri, alikuwa mzuri.

Tukacheka kila mtu, lakini usoni mwake nikaona hofu mpya. Akasema, "Mama, sheria nitaisoma. Je, mgonjwa akija na neno nisilolijua, nikampa dawa isiyo yake, mbele ya mtu wa ofisi?"

Basi mimi na jirani tukawa wagonjwa. Kila alasiri tulikaa barazani, mkwe wangu nyuma ya kigoda ndiyo meza ya dawa, sisi tunaingia mmojammoja na maradhi yetu. Jirani alizidi kiasi. Akija na tumbo, huja na mgongo na mume mkorofi.

"Moyo wanichafuka," akasema siku ya kwanza.

Mkwe wangu akainuka kufuata mashine ya presha.

"Iache mashine yako. Nataka kutapika."

Siku nyingine mkwe wangu alimpa mbegu za ubuyu ndivyo vidonge, akamwambia kama waandikavyo kwenye bahasha, kimoja kutwa mara tatu.

"Kutwa nimefunga, mwanangu," jirani akamjibu. "Sasa hizo mara tatu nizitie wapi?"

Mkwe wangu akazichukua tena zile mbegu. Morogoro pia wapo wanaofunga, na yeye mwenyewe hufunga Ramadhani, lakini huku Jumatatu na Alhamisi nusu ya wazee wamefunga sunna, na hawakwambii mpaka uwaulize. Tangu siku hiyo akawa anauliza kwanza. Dawa nyingine aliziweka futari na daku. Nyingine alisema haziwezekani hivyo, sharti mgonjwa arudi kwa daktari abadilishiwe. Jirani akaridhika, akasema sasa amepona kila kitu ila mume.

Mimi nilikuwa na wasiwasi wangu. Niliogopa namfundisha maneno ya kijiji kimoja, afike Chake aonekane kituko. Maneno mengine mimi na jirani wenyewe hatukukubaliana, yeye akisema Wambaa hawasemi hivyo. Nilimwambia mkwe wangu asituamini sana. Akasema, "Nikiwaamini nusu nusu inatosha, mama."

Barua ikafika, maswali ya sheria akayapita, ikabaki siku ya kuangaliwa. Ilikuwa Jumatatu, Idi imekaribia, katika duka la dawa la bwana mmoja wa Kihindi ambaye alitaka kumwajiri. Bwana huyo kazaliwa Chake, na Kipemba chake chanishinda miye. Mtoto alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo nilikwenda kumshika, nikakaa kwenye benchi karibu na mlango. Mtu wa ofisi alitoka Unguja, mtu mzima mwenye miwani, mpole. Alikaa pembeni kama mteja anayesubiri. Bwana wa duka aliwaeleza wateja kuwa leo kuna mtu anaangaliwa, naye yupo nyuma yake kuhakiki kila dawa inayotoka.

Wa kwanza na wa pili walikwenda vizuri. Kisha akaingia mwanamke rika langu, kajitanda kanga, akaegemea meza.

"Mwanangu, roho yaniuma."

Mtoto alikuwa amelala mapajani mwangu, nami nilimbana bila kujua mpaka akaamka. Nilitamani nikohoe. Kukohoa kungetosha, angejua. Lakini kukohoa kule kungekuwa ni kuiba, na mtu wa watu amekaa pale ametuamini. Nikameza kikohozi changu.

Mkwe wangu naye akaegemea meza. Alimtazama yule mama usoni.

"Pole, bi. Ni roho ya kumezea, au roho ya huzuni?"

Yule mama akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka kanga ikamshuka.

"Ya kumezea. Ya huzuni ingekuwa na dawa, humu dukani usingepata pa kukanyaga."

"Haya. Na leo umefunga?"

"Nimefunga. Umejuaje?"

"Sijajua, nimeuliza."

Akamuuliza yameanza lini, ana homa, anameza dawa gani nyingine. Yule mama akataja za presha. Basi mkwe wangu akairudisha rafuni ile dawa aliyokuwa ameshaishika, isiyopatana na za presha, akachukua nyingine, akamwonyesha bwana wa duka, bwana akatikisa kichwa kukubali. Akamwambia aanze akishafuturu, na siku zikipita hajapata nafuu asirudi dukani, aende hospitali. Yule mtu wa ofisi aliandika kitu, sikuona uso wake.

Walipomaliza, nafsi ikanisuta. Nikamfuata yule mtu wa ofisi pale nje akitafuta viatu vyake.

"Bwana, mimi ni mkwewe. Lile neno la roho nilimfundisha mimi. Sikutaka ukadhani kalijua mwenyewe."

Akavaa kiatu kimoja, akafikiri.

"Roho kuwa ni koo hata mimi nalijua, bi mkubwa. Kule kuuliza ni ipi, hilo pia ulimfundisha wewe?"

Nikatafuta kwa haki kabisa kichwani mwangu.

"Hilo sikumfundisha."

"Basi hilo ni lake," akasema, akavaa kiatu cha pili.

Leseni ilitoka Idi bado. Nilikuwa uani nageuza karafuu juani mwanangu aliponipigia kutoka Wesha, na jirani akajua kabla sijakata simu. Akaja na mkate wa kumimina, akamwambia mkwe wangu kwamba yeye ndiye mgonjwa wake wa mwanzo hapa Pemba, na kwa hivyo hatalipa dukani maisha yake yote.

"Utalipa mara mbili," mkwe wangu akamjibu. "Ulinidanganya na ule mgongo."

Jioni mkwe wangu akampigia mama yake Morogoro kumpa habari. Walisema muda mrefu, kisha akanipa simu. Yule mama akanipongeza, akamshukuru Mungu, akauliza hali ya mjukuu.

"Nimefurahi, dada yangu," akasema. "Ila sitakuficha, roho inaniuma."

Lile swali lilinijia mdomoni, nilivyokuwa nimelizoea. Nikalirudisha. Huyu hakuwa wa kuulizwa ni ipi.

Nikamwambia Idi hii aje yeye huku, alale chumba kimoja na mjukuu wake, na pweza nitampika kwa tungule tupu kama walavyo kwao. Akauliza kama nitaweza. Nikasema sijui, lakini yupo wa kuniangalia.