Kioo Kisichotiwa Damu

Mwaka wa 1958 ulipoanza, Alfani Musafiri alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja katika nyumba ya kupimia damu mjini Kisangani, mji ambao wazungu waliuita Stanleyville. Watu wote waliiita nyumba hiyo labo. Aliingia humo kama muosha chupa. Alikuwa mtu wa Maniema, Mwislamu, mrefu na mwenye maneno machache, na wakubwa wake waligundua mapema kwamba macho yake hayachoki. Mtu anaweza kukodoa jicho kwenye hadubini kwa saa mbili akaanza kuona vitu visivyokuwepo. Alfani alikaa saa nne na bado aliona kilichokuwepo tu. Kwa hiyo walimtoa kwenye chupa wakampa kiti.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa mpya, hata huko Ulaya haikuwa na umri. Ilikuwa kazi ya kusaka kaswende. Unapaka vijidudu vya ugonjwa huo, vilivyokwisha kuuawa, juu ya kioo chembamba, halafu unavidondoshea maji ya damu ya mtu. Kama mtu huyo anaumwa, damu yake ina kinga inayovitambua vijidudu vile, nayo itavishika isiviachie. Tatizo ni kwamba kinga hiyo haionekani. Basi unaosha kioo, kisha unaongeza kinga ya pili, ambayo imetoka kwa mnyama aliyechomwa sindano ya damu ya binadamu mara nyingi hata mwili wake ukaichukia. Kinga hii ya pili imefungiwa rangi. Popote inapoikuta kinga ya binadamu, inaikamata. Unaosha tena, unaingia chumba cha giza, unawasha taa ya zebaki, na vijidudu vinang'aa kijani. Kwa mtu mzima wa afya, kinga ya pili haikuti cha kushika. Inasombwa na maji, na kioo kinabaki giza.

Alimweleza hayo shemeji yake Marthe, mjane wa kaka yake marehemu Assumani. Marthe alikuwa mwenyeji wa Yanonge, Mkristo, na aliishi ng'ambo ya mto, Lubunga, akiuza samaki wa kukausha. Alicheka.

"Kwa hiyo wa kwanza anakamata mwizi, wa pili anakamata mukono wa wa kwanza na kupiga makelele?"

"Ni vile."

"Na kama ule wa pili anapiga makelele ya bure?"

"Ndiyo sababu mimi niko pale," Alfani akasema, na hakuficha majivuno.

Marthe alikuwa na mtoto mmoja tu, Nyota, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa mwaka wa pili katika shule ya wakunga ya masista. Tangu Assumani afariki, Alfani ndiye aliyemlea. Nyota alimwita papa, yaani baba, si papa mudogo. Siku alipovaa joho jeupe la shule kwa mara ya kwanza, alivuka mto kwa mtumbwi akiwa amelikunja kifuani lisirushiwe maji, akaja kulivalia nyumbani kwa Alfani, ili yeye awe wa kwanza kumwona.

Mwezi wa Januari chupa ya kinga ya pili iliisha. Ilikuwa kinga ya sungura, na Alfani aliizoea kama mtu anavyozoea jembe lake: sehemu moja ya kinga, tisa za maji ya chumvi, basi. Chupa mpya ilikuja kwa ndege ndani ya barafu, kutoka kiwanda kingine. Hii ilikuwa ya mbuzi, na rangi yake ilikuwa nzito zaidi.

Daktari wa zamani, mzee aliyekwisha kurudi kwao, alikuwa amemfundisha Alfani jambo moja kuhusu chupa hizi. Kila chupa ina tabia yake. Usiiamini kwa sababu ya jina la kiwanda. Ijaribu kwanza kwenye kioo kisichotiwa damu ya mtu yeyote, maji ya chumvi tu. Kioo hicho lazima kiwe giza. Kikitoa mwanga, basi kinga inashika ovyo: iongezee maji, ujaribu tena, mpaka iache kushika isipotakiwa na iendelee kushika inapotakiwa.

Daktari mpya hakuwa na subira ya namna hiyo. Alikuwa kijana, mwenye akili, na mwezi wa tano alitakiwa kusimama mbele ya mabingwa mjini Bruseli kueleza jinsi kipimo hiki kilivyofanya kazi Kongo. Huko Bruseli kulikuwa na maonyesho makubwa ya dunia, na serikali ilikuwa ikichagua Wakongo wa kupelekwa. Asubuhi ile chupa mpya ilipofunguliwa, Daktari alimwita Alfani ofisini akamwonyesha karatasi.

"Jina lako nimeliandika mimi mwenyewe," alisema. "Nitasimama pale na wewe ukiwa kando yangu. Watu waone ni nani aliyesoma vioo hivi."

Alfani alitoka pale miguu ikiwa myepesi. Aliandaa kioo chake cha maji ya chumvi, akaingia chumba cha giza, akawasha taa, akainama.

Vijidudu viling'aa. Mwanga haukuwa mkali. Ulikuwa kijani hafifu, kama wa kuvu kwenye ukuni uliooza, na mtu mwingine angesema hakuna kitu. Lakini Alfani aliuona. Aliinua kichwa, akafuta lenzi, akainama tena. Ulikuwa bado upo.

Mlango uligongwa. "Bon, Alfani, chupa inaenda?"

Alijua alipaswa kusema haifai. Kujaribu upya kungechukua wiki moja, labda mbili, na Daktari alichukia kucheleweshwa kuliko alivyochukia malaria. Akaiona akilini karatasi ile na jina lake.

"Inaenda, Daktari," akasema.

Wiki hiyo Daktari alihitaji damu ya watu wazima wa afya. Alitaka kuwaonyesha mabingwa kwamba kwa watu safi kipimo hakitoi mwanga. Ni Alfani aliyependekeza shule ya wakunga: wasichana waliolelewa na masista, ambao kumbukumbu zao zilionyesha kwamba hata buba, ugonjwa unaoweza kukidanganya kipimo hiki, hawakuugua utotoni. Alikwenda mwenyewe kuwatoa damu. Walikuwa ishirini na wawili. Nyota alimnyooshea mkono kwa furaha, akawaambia wenzake, "Huyu ni papa yangu. Haumizi."

Katika vioo ishirini na viwili, sita viling'aa kiasi cha kupewa misalaba miwili, alama ya mtu mwenye ugonjwa. Kitabu kilikuwa na namba tu; orodha ya majina ilikaa kwa Daktari. Lakini Alfani aliyeandika namba kwenye vichupa alijua namba kumi na saba, mojawapo ya hizo sita, ni nani.

Alikwenda ofisini. "Daktari, tusipeleke hesabu hii. Chupa ile iko na kasoro. Inang'aa hata bila damu."

Daktari alimtazama. "Wewe ulisema inaenda."

"Nilisema."

"Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo kwa sababu umeona jina usilolipenda?"

Alfani alirudi mezani. Siku mbili, bila kula mchana, alifanya kazi aliyopaswa kuifanya Januari. Aliongeza maji kwenye kinga: moja kwa ishirini, moja kwa thelathini, moja kwa arobaini. Kwenye arobaini, kioo kisichotiwa damu kilizimika kabisa, na vioo vya wagonjwa wa hospitali, waliojulikana, vikaendelea kuwaka. Akatoa kwenye frigo damu za wale wasichana sita. Akazipima zote. Giza. Zote sita.

Alimpelekea Daktari vioo hivyo kwenye sinia. Daktari aliinamia hadubini kwa muda mrefu sana. Alitazama kioo cha kwanza, cha tatu, akarudi kwenye cha kwanza. Aliona. Alfani aliyezoea kusoma macho ya watu wanaotoka kwenye hadubini alijua kwamba ameona.

"Barua ya wale sita imekwisha kwenda kwa Mamère," Daktari akasema, yaani mkuu wa masista.

"Basi tuandike ingine, Daktari."

"Ya pili itasema nini? Kwamba daktari hajui chupa yake? Wasichana wamechomwa penisilini, hawatakufa nayo. Rudi kazini."

Lakini wasichana walikuwa wamekwisha kuitwa mbele ya wenzao. Shule ya wakunga haikuweza kushika mwanafunzi mwenye ugonjwa wa namna ile, ndivyo walivyoambiwa. Walipewa nusu saa kufunga masanduku. Mmoja wao, Claudine, alikuwa amechumbiwa na karani wa posta. Kabla ya Jumapili posa ilirudishwa. Marthe alivuka mto na kusimama mlangoni kwa Alfani, hakukubali kuingia wala kukaa.

"Shemeji, ni kweli? Mutoto wangu iko na ule ugonjwa?"

"Hapana. Hana."

"Na nani aliandika kama iko nao?"

Alfani alitazama chini. "Ni mimi niliandika."

Kesho yake alivaa koti lake la sherehe akaenda kwa Mamère. Alikuwa mwanamke mzee mwenye sauti ya taratibu, na alimsikiliza mpaka mwisho. Alfani alimweleza yote, kinga ya mbuzi, maji ya chumvi, moja kwa arobaini. Mamère alielewa kuliko alivyotarajia.

"Siku chupa ilipofunguliwa, ulimwambia Daktari kwamba haifai?"

"Hapana, Mamère."

"Kwa nini?"

Angeweza kusema aliogopa. Lakini jibu la kweli lilikuwa Bruseli, na hilo hakuweza kulisema.

"Unaona?" Mamère akasema, bila ukali. "Unataka nikatae neno la daktari nikubali lako, na wewe mwenyewe unasema kwamba siku ile neno lako halikuwa la kweli." Alipotoka, alisikia nyuma yake mkono wa simu ukizungushwa.

Adhabu haikukawia. Jina lake lilifutwa kwenye orodha ya Bruseli, na mwezi wa nne akapewa barua ya uhamisho kwenda zahanati ya Opala, kuangalia vinyesi vya watu wenye minyoo. Alipanda meli pamoja na sanduku moja na mkeka wa kusalia. Meli ilitia nanga Yanonge kupakia kuni na samaki. Marthe alikuwa amemrudisha binti yake huko kwa wajomba. Alfani alishuka.

Alimkuta Nyota kando ya kichanja cha kukaushia samaki, macho mekundu kwa moshi, akigeuza samaki mmoja mmoja. Hakusimama.

"Nyota, mwanangu. Mama alikuambia? Damu yako ni safi. Niliipima tena kwa mikono yangu."

"Aliniambia." Akageuza samaki. "Nikuulize kitu kimoja. Siku ulikuja kututoa damu, ulikuwa umekwisha kujua chupa iko mubaya?"

Mto ulikuwa ukipita. Watu wa meli walikuwa wakipiga kelele za kupakia.

"Nilijua," Alfani akasema.

Nyota aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyethibitishiwa bei ya kitu sokoni. "Na mimi niliwaambia wenzangu hauumizi." Alichukua majani mabichi akayatupa motoni, na moshi mzito ukapanda kati yao. Alfani alisubiri moshi upungue. Ulipopungua, Nyota alikuwa amekwenda upande wa pili wa kichanja, amempa mgongo. Honi ya meli ikalia. Hakumwita papa, wala kwa jina.

Opala kulikuwa na hadubini ya kioo cha kuelekeza jua. Mvua ikinyesha, kazi inasimama. Alfani alihesabu mayai ya minyoo na kuandika hesabu sahihi. Kila mwezi alimtumia Nyota barua kwa waendesha mitumbwi. Hakuna iliyojibiwa.

Katikati ya mwaka wa 1959, siasa zikiwa zimeanza kuchemka mjini, alifika Lambert, kijana aliyechukua kiti chake kule labo. Alikuja kukusanya damu za watu wa mto Lomami. Wakakaa barazani, Lambert akafungua kasha lake kwa fahari.

"Sasa kazi iko ya kisasa, vieux," alisema, akimwita mzee kwa Kifaransa. "Daktari aliweka sheria ukutani. Kila chupa mpya ya kinga ya pili, lazima uijaribu kwanza kwenye kioo bila damu, na uiongezee maji mpaka giza. Kipimo chake ni moja kwa arobaini. Aliiandika hata katika gazeti la madaktari huko Bruseli. Walimupigia makofi."

Alfani alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikiweka chini taratibu. "Moja kwa arobaini."

"Ndiyo. Ye mwenyewe aliigundua."

"Na mabinti?"

"Mabinti gani?"

"Wale wa shule ya wakunga. Barua ya kuwasafisha ilitoka?"

Lambert alikunja uso, akijaribu kukumbuka kwa uaminifu. "Kitabuni sikuona mabinti. Kuna namba tu."

Basi Alfani akawataja. Alianza na Claudine, akasema posa yake ilirudishwa na nani. Akamtaja Viviane wa Mangobo, na Élise aliyekuwa wa kwanza darasani, na Delphine, na Colette aliyekwenda kwa shangazi yake Buta na hakusikika tena. Alisema kila jina na la baba yake. Lambert alianza kufunga kasha lake, akasema mtumbwi unamngoja, akasema jua linashuka, ingawa lilikuwa bado juu.

"Kaa," Alfani akamwambia. "Imebaki namba kumi na saba."